'Na' iliyowapunguza watu wa Kitui

Juzi nilihudhuria harambee ya maktaba ya shule huko Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui. Mfawidhi, msomi mzuri tu, akatusomea idadi ya watu wa kaunti kwa mujibu wa sensa ya 2019: "Milioni moja, elfu mia moja, na thelathini na sita, na mia moja themanini na saba." Mzee aliyeketi kando yangu akaninong'oneza: "Profesa, hao thelathini na sita ni watu ama ni maelfu?"

Swali lake lilinifuata hadi nyumbani. Idadi iliyochapishwa ni 1,136,187. Ukiandika ulichosikia neno kwa neno, utapata 1,100,223. Watu 35,964 wamemezwa na kiunganishi! Nasi tunajua kwamba idadi ya watu huzingatiwa mapato ya taifa yanapogawiwa kaunti.

Simlaumu mfawidhi pekee. 'Elfu' hutangulia idadi yake, kwa hivyo msikilizaji hajui maelfu yanakomea wapi. 'Elfu thelathini na mbili' ni 32,000 au 30,002? Wanaosema 'thelathini na mbili elfu' wameuziba mwanya huo. Tena tunalo neno 'laki', lililotujia kutoka Bara Hindi. Watanzania hulitumia sokoni bila kujikuna kichwa. Sisi Wakenya tunalikwepa, kisha tunahangaika na 'elfu mia' au, vijana wakiwapo, 'thao mia'. Na wanahabari wetu waache kuita idadi 'tarakimu'. Tarakimu ni zile alama 0 hadi 9, basi.

Nambari yenyewe, nilipoichambua, ilinishangaza. Ni witiri. Jumla ya tarakimu zake ni 27, kwa hivyo inagawika kwa 9. Endelea kuigawa na utafika hapa: 83 × 117 × 117. Hiyo 83 ni nambari tasa, haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Maana yake, watu wote wa Kitui waliohesabiwa wangeweza kupangwa katika viwanja 83, kila kiwanja safu 117 za watu 117, asibaki nje hata mtoto mmoja.

Jaribu hivyo kwa 1,100,223. Ukiwapanga katika safu za watu 117, watabaki 72 wakirandaranda. Ajabu ni kwamba jaribio la 9 tulilofunzwa shuleni halilinasi kosa hili, kwani nambari zote mbili zinagawika kwa 9. Ni 13 inayoifichua ile ya uongo.

Mzee nilimjibu palepale kwamba ni maelfu.

"Basi nisomee tena," akasema.

Nikamsomea: milioni moja, laki moja, thelathini na sita elfu, mia moja themanini na saba. Akaiandika kwenye kiganja, kwa kalamu aliyoniazima.