Sapoti na Dhahabu ya Wenzake

Ramani yenyewe haina makuu. Ni mraba wenye ngome mbili, kila moja kwenye pembe yake, zinazotazamana kwa mshazari. Njia tatu zinaziunganisha, mto umekatiza katikati, na kilichobaki ni pori la madubwana. Minara inalinda kila njia. Wachezaji watano upande huu, watano upande ule, na atakayebomoa ngome ya mwenzake ndiye mshindi. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuichora mchangani kwa kijiti. Hata hivyo ramani hiyo, ikibadilishwa hapa na pale tu, imechezwa na mamilioni ya watu kwa zaidi ya miaka 20, na hamu yake haijapoa.

Mimi niliionjea Katoro, mji wa biashara mkoani Geita ambako pikipiki, vipuri vya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na simu janja huuzwa mlango kwa mlango. Mchezo ni Mobile Legends, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Moonton ya Shanghai. Huchezwa kwa simu, raundi moja robo saa au zaidi kidogo, hivyo hata mwenye bando dogo anamaliza. Wazazi wengi wanaona ni kupoteza muda. Nawaelewa, maana hakuna mzazi anayefurahi kumwona mwanawe ameinamia kioo tangu magharibi hadi usiku wa manane. Lakini kitu kikiwa kimetengenezwa kwa akili nyingi hivi, si haki kukipita bila kumsifu fundi wake.

Na mafundi wenyewe hawakuanza kwa mshahara. Mchezo wa vita wa StarCraft ulipotoka mwaka 1998, ulikuja na zana ya kuchorea ramani, na mpenzi mmoja wa mchezo huo akachora uwanja ulioitwa Aeon of Strife. Mwaka 2003 mwingine, aliyejiita Eul, akalihamishia wazo hilo kwenye Warcraft III na kuupa uwanja wake jina Defense of the Ancients. Alipouacha, ukaja kufika mikononi mwa Steve Feak, maarufu kama Guinsoo. Baada yake akaja IceFrog, aliyeufanyia kazi miaka mingi bila kujitokeza hadharani. Walichora, watu wakacheza, wakalalamika, nao wakarekebisha, bila hati ya ajira wala ofisi. Makampuni yalifika baadaye na kuwaajiri mafundi haohao: Riot Games wakatoa League of Legends mwaka 2009, Valve wakatoa Dota 2 mwaka 2013.

Sasa nije kwenye dhahabu, kwa sababu mtu wa ukanda huu hawezi kuupita mchezo huu bila kusimama hapo. Sisi tunaishi kwa dhahabu. Kuna Bulyanhulu upande wa Kahama, kuna mgodi mkubwa wa Geita unaozalisha tangu mwaka 2000, na kuna maduara ya wachimbaji wadogo Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa. Ndani ya simu nako kila shujaa, yaani mhusika anayeendeshwa na mchezaji, anatafuta dhahabu, kwani ndiyo inayonunua upanga, ngao na viatu. Ngome hutoa makundi ya askari wadogo wanaoandamana kwenye njia zote tatu, na ukiwaua unalipwa. Katika League of Legends na Dota 2 malipo ni ya aliyepiga pigo la mwisho. Mobile Legends ina huruma zaidi, walio karibu nao huambulia, ila njia moja imetengwa na kuitwa kabisa njia ya dhahabu. Anayekaa huko hulishwa na timu nzima, ili dakika za mwisho aweze kuibeba.

Tatizo ni kwamba dhahabu haitoshi watu watano. Wote wakiikimbilia, wote wanabaki dhaifu na ngome inaanguka. Hapa ndipo ninapomvulia kofia fundi. Angeweza kuongeza dhahabu ili kila mtu aridhike. Badala yake ameiacha iwe haba, kisha akabuni kazi ya mtu asiyeihitaji sana: sapoti. Sapoti anatangulia, anachungulia, anapokea mapigo, na askari wanapokaribia kufa anarudi nyuma hatua mbili ili mwenzake amalizie.

Kijana mmoja pale Katoro, ambaye mchana kutwa hulisha mawe kwenye karasha, hachezi nafasi nyingine yoyote. Simu yake ina ufa kuanzia kona ya juu hadi chini, na kidole gumba cha kushoto, kinachomwendesha shujaa, hupita juu ya ufa ule bila kusita. Humchagua Tigreal, shujaa mwenye ngao. Nilimtazama akiingia kwenye majani marefu kando ya mto. Aliyejificha humo haonekani, na aliye nje haoni kama ndani kuna mtu au hakuna. Walikuwemo watatu. Hakukimbia. Alisubiri wasogee, kisha akaachia uwezo wake mkubwa, ule unaowavuta maadui wa karibu mahali pamoja na kuwagandisha kwa muda mfupi. "Piga wewe, mimi nimewashika," akamwambia mwenzake waliyekaa naye benchi moja. Mwenzake akapiga. Dhahabu nyingi ikaenda kwa mwenzake, na Tigreal akafa. Kijana akaweka simu pajani, akasubiri shujaa wake afufuke, uso umetulia kabisa. Nilitaka kujua kwa nini asicheze nafasi ya kuokota dhahabu. "Kaka, hiyo kila mtu anaitaka," akasema. "Timu ikikosa sapoti, hamna kitu."

Ufundi mwingine hauonekani kwa macho. Mashujaa ni zaidi ya mia moja, kila mmoja na uwezo wake: wa moto, wa barafu, wa kutoweka, wa kuponya. Lazima wote waweze kukutana uwanjani bila mmoja kuwameza wengine, kwa hiyo watengenezaji hutazama matokeo ya mechi na kurekebisha. Huyu anapunguziwa nguvu ya pigo kidogo, yule anaongezewa nusu sekunde ya kusubiri. Ni kama mnunuzi makini katika soko la dhahabu la Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019, anayezima feni kabla ya kuweka punje kwenye mizani ili hata upepo usiegemee upande. Kazi hiyo haina mwisho, na kwangu ndiyo ngumu kuliko kuchora madubwana.

Lakini Msukuma hapaswi kuyaona haya kama mageni. Babu zetu walikuwa na uwanja. Masimulizi yanasema katika karne ya 19 waganga wawili wacheza ngoma, Ngika na Gumha, walishindana kuonyesha nani ana dawa kali, na wafuasi wao wakawa Wagika na Wagalu. Hadi leo, baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita, makundi mawili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Refa hakuna. Watazamaji wenyewe ndio wanaoamua kwa miguu yao, na kundi litakalovuta umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda. Mbinu zote hutumika: wimbo mpya wa manju, majembe yanayorushwa juu na kudakwa katika ngoma ya bugobogobo, nyoka hai mkononi mwa mchezaji, na samba, dawa ya mvuto, ambayo wapinzani nao huitafutia dawa ya kuizima. Mtu aliyewahi kusimama Bujora siku ya Bulabo, tamasha la ngoma zetu, akavutwa na kundi moja kisha akajikuta amehamia la pili, ameshaujua mchezo huu kabla hajagusa simu. Kuna pande mbili, kuna nguvu za ajabu, kuna mbinu inayofichwa hadi dakika ya mwisho, na sheria ni moja ambayo kila mtu anaielewa.

Kwa hiyo sioni sababu ya uwanja huo wa ngoma kutokuwa ndani ya simu. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion, mchezo wa ulimwengu wa kubuni uliosukwa kwa hadithi na mila za Kiafrika, nao ulitengenezwa Yaoundé. Zana za kutengenezea michezo kama Godot hupatikana bure. Wanaojua kuandika programu wapo Kahama, Shinyanga mjini na Geita, na wachoraji pia wapo. Nawaomba wasianze na madubwana ya kuazima. Waanze kwa kwenda kwa wazee wa Kigika na Kigalu wakiwa na simu ya kurekodi, wawasalimu vizuri, wakae chini, wawaulize jinsi manju anavyopanga kundi lake, nani hutangulia uwanjani, nani hubaki nyuma na kwa nini, na kundi hufanya nini umati unapoanza kuhama. Wazee wenye majibu hayo wanapungua kila mwaka. Waende msimu huu wa mavuno.