Anayepokea elektroni amepunguzwaje?

WAPO wafasiri wa istilahi za kemia ambao hatua ya atomu au ioni kupokea elektroni huiita ‘upunguzaji’. Hoja yao ni kwamba ndivyo neno la Kiingereza linavyomaanisha. Katika makala haya ninaipinga tafsiri hiyo sisisi, hasa kwa sababu inampotosha mwanafunzi.

Hebu tutazame permanganeti na salfaiti zinapokutana katika myeyusho wa besi. Kila ioni ya permanganeti hupokea elektroni 3 na kuwa manganizi dayoksaidi. Kila ioni ya salfaiti nayo hutoa elektroni 2 na kuwa salfeti. Hizo ndizo nusu mbili za mmenyuko. Sasa mwambie mwanafunzi kwamba ile iliyopokea ‘imepunguzwa’. Atakuuliza, tena ana haki: imepunguzwaje ilhali imeongezewa?

Kipo kinachopungua, sikatai. Namba ya oksidisho ya manganizi hushuka kutoka 7 hadi 4. Lakini hayo ni matokeo tu. Tendo lenyewe ni kupokea. Isitoshe, asili ya neno hilo la Kiingereza ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya ‘kurudisha’. Kwa wafua madini wa kale, ilikuwa kuirudisha metali safi kutoka kwenye mawe yake. Kwa hivyo, hata historia haimtetei mfasiri.

Ninapendekeza tuseme waziwazi ‘kupokea elektroni’ na ‘kutoa elektroni’. Kwa maneno haya, kanuni ya kusawazisha mlinganyo inajieleza yenyewe: kilichotolewa sharti kilingane na kilichopokelewa. Zidisha nusu ya permanganeti kwa 2 na ya salfaiti kwa 3, ndipo kila moja iwe na elektroni 6. Oksijeni na haidrojeni zisawazishwe kwa maji na ioni za haidroksidi, kwani hizo ndizo zilizojaa kwenye besi.

Mwishowe, ioni 2 za permanganeti, 3 za salfaiti na molekuli 1 ya maji hutupa manganizi dayoksaidi 2, ioni 3 za salfeti na 2 za haidroksidi. Jumlisha chaji: hasi 8 huku, hasi 8 kule. Mwanafunzi aliyeelewa nani katoa na nani kapokea hahitaji kukariri chochote. Istilahi inayomlazimu akariri ndiyo ya kupunguzwa.