Ngonjera, Utani na Kisu cha Jirani

Katika sherehe zetu nyingi husimama watoto wa shule wakaghani ngonjera ya umoja. Mmoja huvaa kanzu, mwingine hushika msalaba. Hubishana beti nne au tano, kisha akatokea wa tatu akawakumbusha kuwa wao ni ndugu, nao wakashikana mikono. Watu hupiga makofi, na mgeni wa heshima hutoa chochote. Jambo hili ni jema, wala sina nia ya kulibeza. Swali langu linahusu umbo: je, ngonjera, kwa jinsi ilivyoundwa, yaweza kubeba mzigo wa majirani wawili wenye dini mbili?

Ngonjera za maandishi tunazijua zilikotoka. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeukuza utanzu huu ukawa chombo cha kufundishia siasa ya Azimio la Arusha, na vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vikachapishwa mwaka 1970 na 1971. Msingi wake ni sahili. Wanasimama wawili, mmoja anajua na mwingine hajui. Asiyejua huuliza, hupinga, hutiwa nuru, hukubali. Kwa mambo kama faida za kisomo au kilimo cha pamoja, umbo hili lilifaa sana, kwani hapo ujinga ulikuwapo na elimu ilikuwapo.

Lakini dini haimo katika hesabu hiyo. Mwislamu si Mkristo ambaye bado hajaelewa, wala Mkristo si Mwislamu aliyechelewa njiani. Kila mmoja anajua anachokiamini, na anajua kwamba jirani yake anakikataa. Ukiwatia wawili hawa katika ngonjera, hapana budi mshairi afanye moja kati ya mawili: ama amshindishe mmoja, jambo ambalo ni fitina, ama awafanye wote wawili kuwa wajinga wanaosubiri kufundishwa na mtu wa tatu. Washairi wetu huchagua njia ya pili. Ndiyo maana beti za mwisho huwa tamu lakini nyepesi. Ugomvi wenyewe haukuguswa.

(Ajabu ni kuwa maisha ya Mnyampala mwenyewe yana funzo zito kuliko ngonjera hizi. Alikuwa Mgogo na Mkatoliki, naye alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu kwa bahari iliyolelewa karne nyingi na masheikh wa pwani. Kanuni za ushairi huo zilikuwa zimeandikwa katika kitabu cha mwaka 1954 na Sheikh Kaluta Amri Abedi. Hapakuwa na aliyemwomba mwenzake abadili imani. Kilichoazimwa ni vina na mizani.)

Sasa tutazame ugomvi wenyewe ulivyo. Kwa miaka mingi, katika miji na vijiji vingi vya Tanzania, kuchinja mnyama wa hadhara kumekuwa kazi ya Mwislamu. Mkristo akiwa na arusi au msiba humwita jirani yake Mwislamu ashike kisu, ili wageni wote wale pasiwe na wa kukinga mkono mbele ya sahani. Naiona desturi hii kuwa miongoni mwa kazi kubwa za utamaduni wetu, ingawa hakuna jumba la makumbusho linaloionyesha. Haikuletwa na amri. Ilizaliwa na watu waliotaka kula pamoja.

Hata hivyo ilikuwa na ufa. Upande mmoja ulishika kisu daima, na upande wa pili ulingoja daima. Wala hawakuketi kuelezana kwa nini. Mmoja akadhani ni haki yake, mwingine akaanza kudhani ni unyonge wake. Mwezi wa Februari mwaka 2013 ufa huo ulionekana huko Buseresere, mkoani Geita, pale ugomvi juu ya nyama iliyochinjwa na Wakristo ulipogeuka mapigano, na mchungaji mmoja akauawa. Mtu aliuawa kwa jambo ambalo wazee walilianzisha ili watu wale pamoja.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kunyamaza. Dola yetu ina mazoea hayo: sensa ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuuliza watu dini zao. Kwa dola huenda ni busara. Kwa watu wanaochangia ukuta na kisima si busara hata kidogo, maana wao dini zao wanazijua bila kuhesabiwa.

Utamaduni wetu una umbo jingine linalofaa zaidi, nalo ni utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na hii leo ni watani. Utani hauwaambii kwamba vita havikuwapo. Huvitaja, tena kwa matusi, tena msibani mbele ya maiti. Mtani hukwapua chakula, hudai alipwe, humcheka marehemu. Na mtani huyohuyo hubeba kazi ambazo wafiwa hawawezi. Kesho zamu hugeuka. Hapa yamo mambo mawili yaliyokosekana katika habari ya kisu: tofauti inasemwa waziwazi, na wajibu unakwenda pande zote mbili. Tena mtani haulizwi dini. Mnyamwezi Mkristo humtania Mzaramo Mwislamu kwa haki iliyotokana na njia ya misafara ya zamani, wala hakuna anayetafuta fatwa.

Sisemi kwamba dini zitaniane. Mambo matakatifu hayavumilii mzaha ule, na atakayejaribu atatuletea balaa. Ninachosema ni kwamba mtunzi achukue umbo la utani, aache maneno yake: pande mbili zilizo sawa, ubishi usiofichwa, na kazi inayofanyika kabla ubishi haujaisha.

Mtunzi mwenye ujasiri angeipeleka ngonjera yake machinjioni alfajiri. Angemwacha mwenye kisu aseme kwa nini hawezi kula kilichochinjwa na mwingine, na mwenye ng'ombe aseme anavyojisikia kila mwaka akisimama kando ya ng'ombe wake mwenyewe. Wangeulizana jirani Mkristo naye hushika nini katika maziko na arusi za mwenzake, na kama hashiki kitu, ashike nini. Asitokee mtu wa tatu. Ubeti wa kukubaliana usiwepo. Jua lichomoze wakiwa bado wanabishana, na nyama iwe imekwisha kukatwa.