Deni la Mwandishi

Mwaka 1945, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya ndefu kwa Kikerewe. Ilikuwa habari ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wanaopendana lakini hawajajaliwa mtoto, na wakwe wana lao la kusema. Ndani yake Kitereza alitia kila alichokijua cha maisha ya Wakerewe: namna ya kwenda kuomba radhi ukweni, pombe ya ndizi inavyotengenezwa, mganga anavyoendewa, mgeni anavyopokelewa. Kikerewe ni lugha ya watu wachache, na mchapishaji hakupatikana. Miaka ikapita. Uzeeni, maungo yakiwa yameshachoka, akaketi akaitafsiri yote kwa Kiswahili yeye mwenyewe. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata Kitereza akafariki.

Kutoka nukta ya mwisho hadi kitabu kutoka ni miaka 35. Ukimhesabia faida utashindwa: pesa hapakuwa na pesa, na kitabu kilitoka akiwa ukingoni mwa umri. Aliona mila na lugha ya watu wake vikipukutika mbele ya macho yake, akajua kwamba asipoandika yeye, watakaozaliwa hawatakuwa na pa kuuliza. Alijiona anadaiwa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu ya kweli ya uandishi wa kubuni, na nyingine zote huja nyuma yake. Deni lenyewe lilizaa. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, aliichukua riwaya hiyo kutoka Kikerewe akaitia katika Kiingereza, ikatoka mwaka 2002.

Wanaodaiwa hivyo si wazee wa vijijini tu. Mwana Kupona binti Msham aliutunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Anaanza kwa kumwita mtoto aje karibu na wino na karatasi, kwa kuwa ana la kumwachia. Hakuwa akiitungia historia ya fasihi. Alikuwa na msikilizaji mmoja, tena anamjua jina na tabia, na muda ulikuwa mfupi. Utenzi ule ungali unasomwa, unasifiwa na kubishaniwa hadi leo. Nadhani umedumu kwa sababu hiyo hasa: ukimsemesha mtu mmoja kwa dhati, maneno hayapati nafasi ya kujipamba bure.

Hata hivyo, hakuna azaliwaye na deni hili mkononi. Mwanzoni kuandika ni raha tupu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alilieleza hili katika mhadhara wake wa tuzo. Alipokuwa mwanafunzi kwao, kipindi cha kuandika hadithi ndicho alichokingoja kwa hamu. Halafu akaondoka kijana, akafika Uingereza, na huko ugenini, katika umaskini na kukumbuka kwao, kuandika kukageuka. Yapo mambo aliyoyaacha nyuma ambayo yalikuwa yakisimuliwa vingine na wenye nguvu, na yeye hakuridhika yapite hivyo. Mchezo wa darasani ukawa wajibu.

Njia hiyohiyo, ya raha kwanza na deni baadaye, unaiona kwa Abdilatif Abdalla. Alizaliwa Mombasa katika ukoo wa washairi. Ahmad Nassir Juma Bhalo, aliyetunga *Malenga wa Mvita*, ni ndugu yake. Katika nyumba kama hiyo ushairi haufundishwi. Unasikika, kama adhana na kelele za jirani. Kisha, kwa sababu ya waraka wake *Kenya: Twendapi?*, akafungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Humo gerezani akatunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalitoka mwaka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Dhiki haikumfanya mshairi, maana wangapi wamefungwa wasitunge hata ubeti! Ilimkuta tayari ana sikio na mkono uliozoea, ikampa la kusema.

Ndiyo maana siamini sana habari ya kipaji kinachoshuka kutoka mbinguni. Kinachokomaza mapenzi ya kuandika ni kazi ya mkono, na utamu wake umo katika mambo madogo. Mchukue mshairi anayejifunza. Anataka kusema: "Nililia usiku kucha." Anahesabu: ni-li-li-a-u-si-ku-ku-cha. Mizani tisa, na kipande chake kinataka minane. Akifuta neno, maana inakatika. Anajaribu hivi, anajaribu vile, mwisho anageuza: "Usiku kucha nalia." Minane kamili, na kina cha -lia amekipata. Sasa tazama kilichotokea bila yeye kukusudia. Usiku umetangulia mbele, na kilio kilichokuwa kimekwisha kimerudi kinaendelea. Alikuja kutafuta hesabu, akaondoka na uchungu zaidi ya ule aliokuja nao. Mtu akishaonja hilo mara moja, ni shida kumtoa mezani.

Mwandishi wa nathari hana mizani ya kumkaba, lakini naye ana kanuni yake: sikio. Sentensi ikisomwa kwa sauti na ulimi ukakwama, hapo pana kasoro, hata kama sarufi imetimia. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kumaliza, wakati raha yenyewe inakaa papo hapo, katika kufuta na kurudia.

Jambo jingine linalokuza mapenzi haya ni kujibiwa. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na mahali pa mashairi, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapisha humo. Alikuwa karani wa serikali; mchana alikuwa mtu wa mafaili, na kalamu ya pili aliishika kwa muda wake mwenyewe. Desturi ya malenga wetu ni kwamba anayeuliza kwa shairi hujibiwa kwa shairi. Mtu akijua kuna mwenzake atakayelisoma fumbo lake, alifumbue na kumrudishia jingine, hawezi kuandika ovyo. Leo malumbano hayo yamehamia kwenye simu. Wapo wanaotoa hadithi sehemu kwa sehemu, na wasomaji wanawadai sehemu inayofuata kabla hata hawajalala. Wakubwa wengine wanayadharau maandishi hayo. Mimi naona yana upungufu wa uhariri, lakini mdai na mdaiwa wapo, na hilo ni jambo kubwa.

Tuzo nazo zipo, ikiwamo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu upande wa Tanzania, na ni vyema ziwepo, kwa sababu mwandishi naye anakula. Ila tuzo humkuta mtu akiwa tayari anaandika. Asiyekuwa na la kumwambia mtu hatalipata kwa kusoma masharti ya shindano.

Kwa hiyo, wewe ambaye umekaa siku nyingi na hadithi moyoni, usianze kwa kuuliza nani ataichapa. Mtaje kwanza mtu mmoja unayetaka aipate: mwanao, rafiki mliyepotezana, bibi aliyekusimulia nusu ya kisa akafariki. Mwandikie huyo, kwa lugha ambayo mngeongea mkiwa mmekaa pamoja. Soma ulichoandika kwa sauti, futa panapokwama, kisha mpe mtu mwenye ujasiri wa kukuambia palipolegea, na akikuambia usinune. Mchapishaji anaweza kuchelewa, pengine asije kabisa. Deni lako ni kuandika, na hilo hakuna wa kukulipia.