Stafeli "mara 10,000 kuliko kemo": namba ipo, ila haisemi hivyo

Kama una WhatsApp, ile meseji umeshaipata: majani ya mstafeli yanaua saratani mara 10,000 zaidi ya kemo, na wenye viwanda wanatuficha. Wengi wetu huwa tunacheka na kuifuta. Tunakosea, maana namba yenyewe haikutungwa.

Ilitoka Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 1996. Watafiti walitenga kampaundi kutoka kwenye mbegu za stafeli, wakazijaribu kwenye seli za saratani za aina mbalimbali. Kwa seli za utumbo mpana, kampaundi moja iliziua kwa kiasi kidogo mara 10,000 kuliko doksorubisini, dawa ya kemo.

Sasa hebu tuisome taratibu. Ni mbegu, siyo majani. Ni kampaundi iliyosafishwa, siyo chai. Ni seli za aina moja kwenye sahani ya maabara, siyo mgonjwa. Kuua seli kwenye sahani si kazi ngumu. Hata klorini ya kufulia inaweza.

Swali gumu ni hili: seli nzima je? Kampaundi za jamii hii hubana mitokondria, yaani jiko la nishati la seli, na seli za neva zinalitegemea jiko hilo sana. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe waliripoti uhusiano kati ya kutumia sana mmea huu na ugonjwa unaofanana na Parkinson. Uhusiano siyo ushahidi kamili, lakini unatosha kumzuia mtu kunywa jagi kila siku.

Kwani mimea haina kitu? Inacho! Vinblastini ilitoka kwenye ua la Madagaska mwaka 1958, na mpaka leo inatibu saratani. Ila ilipimwa kwa watu, dozi ikajulikana, na inaingizwa kwenye mshipa chini ya uangalizi.

Lawama nyingine ni yetu wanasayansi. Tunajaribu mmea kwenye sahani, halafu tunahitimisha kwamba "unaweza kutibu saratani". Sentensi hiyo ndiyo inayosafiri hadi WhatsApp.

Kula stafeli lako, ni tunda tamu. Ukinywa majani yake, mwambie daktari wako. Ila usiache matibabu: uvimbe unaotibika leo unaweza usitibike baada ya miezi sita ya chai.