Kalafati ya Picha

Saa nane na nusu usiku, harusi ikiisha, mikono ya mpiga picha si ya kuaminiwa. Imeshika kamera tangu alasiri, imebeba taa, imepenya katikati ya simu zilizoinuliwa kila upande. Macho yanawasha kwa moshi wa udi. Na ndiyo saa ambayo kazi yote ya siku imo ndani ya memori kadi mbili, kila moja kubwa kama stempu ya posta.

Nililijua hilo Tanga, miaka kadhaa iliyopita. Tulikuwa na kamera mbili za aina moja, yangu na ya kijana ninayefanya naye kazi. Kamera huzipa picha namba hadi 9999, kisha hurudi mwanzo, wala haijui kwamba ina ndugu. Usiku ule namba zao ziligongana. Nikamimina kadi ya kijana kwenye folda, kisha yangu juu yake. Kompyuta ikauliza kama iweke faili mpya badala ya zile zenye majina yaleyale. Nikabonyeza ndiyo. Asubuhi kadi zote mbili zilisafishwa kwa harusi nyingine, na jioni zilikuwa zimejaa tena.

Zilizofunikwa ni picha za msikitini: mkono wa baba ndani ya mkono wa bwana harusi, wakati wa kuozesha. Nilikwenda mwenyewe kwa mama wa bibi harusi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mkono ule hautolewi mara mbili." Hakunidai hata shilingi, na hilo liliniumiza kuliko deni.

Tangu siku hiyo najifunza ufundi ambao sijausikia ukipewa jina kwa Kiswahili: kuiandikia kompyuta maagizo ili kadi ikichomekwa tu, picha zihame, zipewe majina, zinakiliwe na zikaguliwe bila mkono wa mtu mchovu kuingilia. Nikitafuta wa kujifananisha naye, namwona fundi anayetia kalafati jahazi. Hugongomea pamba yenye mafuta kati ya ubao na ubao, mshono baada ya mshono. Abiria husifu tanga na nakshi. Pamba hakuna anayeiona, na jahazi linafika.

Zamani hatari ilikuwa ya namna nyingine. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio huko Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1930, picha ilikuwa kitu cha kushika: kioo au filamu, bahasha, kabati. Filamu iliweza kusahauliwa miaka mingi, ikaliwa na unyevu pembeni, na bado sura ya mtu ikabaki. Faili haina uvumilivu huo. Ama ipo, ama haipo.

Maagizo yangu huanza kwa adabu: kadi hufunguliwa kwa kusomwa tu, kitu chochote kisiandikwe juu yake. Kisha huja majina, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine. Ndani ya kila faili kamera huandika tarehe, saa, na mara nyingi namba ya utambulisho wake yenyewe. Kuyasoma hayo natumia ExifTool, programu ya Mkanada Phil Harvey, ambayo ameitoa bure tangu mwaka 2003. Jina jipya hubeba saa, kamera na namba ya asili, kwa hiyo kamera mbili haziwezi tena kukanyagana.

Lakini saa ya nani? Kamera huandika 20:14. Kwetu hiyo ni saa mbili na dakika kumi na nne usiku. Mama akinipigia kuomba picha za saa mbili, keki ilipokatwa, nataka folda imjibu kwa saa zake, basi skripti, yaani maagizo hayo, hupunguza saa sita. Tena kalenda ya kamera hugeuka usiku wa manane, ikaikata harusi moja vipande viwili wakati ngoma bado inalia. Nimeagiza kwamba kilichopigwa kabla ya alfajiri kibaki na usiku wake. Mistari minne tu ya maandishi, na ni mistari ninayoipenda kuliko yote, kwa sababu imeandikwa na mtu anayejua harusi zetu zinavyokwenda.

Kazi ya kunakili naiachia programu ya rsync, waliyoitoa Andrew Tridgell na Paul Mackerras kule Australia mwaka 1996. Nayo ni ya bure. Wakati faili inahama, rsync huiandika kwa jina la muda, na huipa jina lake halisi pale tu inapokamilika. Umeme ukikatika katikati, nusu ya picha haiwezi kujifanya picha nzima. Kwa sisi tunaofanya kazi na taa zinazozimika bila taarifa, uangalifu huo una thamani kubwa. Sijui kama wale mabwana wawili waliifikiria Tanga, lakini kazi yao inatufaa kana kwamba waliifikiria.

Kunakili si kuhakikisha. Kwa kila picha kompyuta hukokotoa alama yenye herufi na tarakimu 64. Badili chembe moja ndani ya faili, alama nzima inageuka. Alama ya kadi hulinganishwa na ya nakala. Mwanzoni nilidhani hapo nimemaliza, kumbe kompyuta hukumbuka ilichoandika punde. Ukiiomba isome nakala papo hapo, huweza kukujibu kutoka kichwani mwake bila kuigusa diski, kama mjumbe anayekuapia barua imefika naye hajavuka kizingiti. Kwa hiyo skripti huiachanisha diski, huiunganisha upya, ndipo husoma. Inachukua muda zaidi, na sijawahi kujuta kuusubiri.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikikaa mbali. Gigabaiti themanini za harusi moja humaliza bando kabla hazijafika popote, hivyo nakala yangu ya mbali husafiri kwa basi hadi kwa dada yangu Morogoro, ndani ya kopo la biskuti, na diski ya mwezi uliopita hurudi.

Amri ya kufuta kadi haimo katika maagizo yangu. Zipo programu zinazojitolea kuifuta mara tu picha zikihama, nazikataa. Kufuta ni kwa mtu aliyelala, akaamka, akahesabu.

Jana usiku tulirudi saa nane. Nilichomeka kadi, nikavua viatu, nikachemsha maji. Taa ya diski ikawa inapepesa. Kijana alikuwa ameshajinyoosha kwenye mkeka, kofia usoni. Maji yalipochemka, kiooni palikuwa na namba moja mara tatu, kwa kadi na kwa diski mbili: 2914, 2914, 2914. Nikazirudisha kadi kwenye kikasha, migongo juu, alama yetu kwamba zisiguswe.

"Zimetimia," nikamwambia.

Hakuondoa kofia. "Hata za msikitini, kaka?"

Nikamgeuzia kioo aone mwenyewe.