Jina la Fisi

Katika filamu ya katuni The Lion King (Disney, 1994), mfalme ni Simba, mganga ni Rafiki, na fisi jike ni Shenzi. Huenda majina hayo yote yakahesabiwa kuwa ni heshima kwa Kiswahili. Lakini waungwana wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi, na baadaye wakoloni wakawaita Waafrika vivyo hivyo. Likoni, Kisauni na Changamwe, wanakoishi pamoja Waswahili, Wamijikenda na wahamiaji wa bara, neno hilo lingali tusi. Filamu ilichukua msamiati, ikawaacha wasemaji. Hata hivyo, lawama si ya Disney peke yake: tusi hilo lilianza pwani, na uhakiki wa Kiswahili hauna budi kuanzia hapo.